Takse ya Godoro la Mama

Miye takse, kodi ya serikali, nilikuwa naijua. Nilikuwa nanunua chisense kule Kabuta, tusamaki tudogo twa kukausha, naenda kutuuza kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Mantapala, na kila fasi niliyopita kulikuwa mutu na kitabu cha tiketi. Ukishalipa muvuvi, wa soko anakuja na tiketi yake. Ukishusha mifuko, anatokea mwingine na yake. Bei ni bei, takse inakuja nyuma. Ni vile tulikuwa tunafanya kwetu, ng'ambo ya maji, na huku Zambia nikakuta ni vilevile.

Basi siku ile niliona godoro katika duka kubwa la Nchelenge, na kikaratasi cha bei kwacha elfu moja mia moja na makumi sita, sikuruka bure kama mujinga. Nilimuuliza mulinzi wa mulangoni: "Takse ya duka ni ngapi?" Akasema kumi na sita kwa kila mia. Nikatoa simu, nikapiga hesabu palepale. Inaongezeka mia moja makumi nane na tano na ngwee zake. Jumla, elfu moja mia tatu makumi ine na sita. Bila hiyo, siendi kulipa.

Godoro lilikuwa la mama yangu. Tangu tuvuke alikuwa analala juu ya mukeka, na kiuno kilikuwa kinamutesa sana, ingawa yeye si mutu wa kulialia. Mwezi wa tano nilikuwa tayari na pesa ya ile bei ya kikaratasi, yote, noti kwa noti. Mama akauliza sasa tunangoja nini. Nikamujibu kwa kujivuna: "Takse, mama. Huku mutu akitoka dukani na kitu kikubwa bila karatasi ya takse, wanamukamata. Na sisi wakimbizi ndiyo wanatuangalia wa kwanza."

Hiyo ya kukamatwa hakuna mutu aliniambia. Niliitoa kichwani mwangu mwenyewe. Mama akarudi kwenye mukeka wake.

Chisense ilikuwa haba wakati ule, na kile kipande cha takse kikanikula miezi mitatu. Lakini mwezi wa nane, asubuhi moja, nilikuwa na elfu moja mia tatu na makumi tano kifuani, nimeifunga ndani ya kitambaa. Njia yote nilikuwa naimba! Abiria mwenzangu akaniuliza kama ninaenda kuolewa. Nikamuambia afazali hivi, bwana anazeeka lakini godoro unalilalia tu.

Nikaingia dukani. Godoro liko. Nikaangalia kikaratasi. Elfu moja mia mbili na makumi nane.

Mawe! Bei imepanda! Nikatoa simu, nikahesabu: ukiweka takse juu, inafika elfu moja mia ine makumi nane na ine. Nimepungukiwa zaidi ya mia moja na makumi tatu. Miezi mingine! Hasira ikanipanda. Nikalikamata lile godoro, nikalikokota mpaka kese, pale pa kulipia, watu wote wananiangalia.

Kese ilikuwa na musichana wa Kibemba, kucha nyekundu, Kiswahili chake ni kile cha sokoni. Nikamuambia: "Dada, bei nitalipa yote, sitaomba hata ngwee. Lakini takse unipunguzie. Tugawe mafungu matatu, miye nilipe moja, weye usamehe mawili."

Watu wa mustari wakapasuka kucheka. Kwani nini? Kwenye soko ya samaki takse tunaiombea kila siku, na wanapunguza!

"Bamayo," musichana akasema, ndiyo mama kwa Kibemba, "takse gani?"

"Ya serikali! Kumi na sita! Unazani sijui?"

"Uko na ngapi?"

Nikamuambia. Akatabasamu. "Inatosha. Na inabaki makumi saba."

Nikazani ananichezea. Nikaanza kupaza sauti, lakini yeye akachukua kalamu, akageuza karatasi, akaniandikia pole pole. Bei ya kwenye kikaratasi, takse iko ndani tayari. Kitu cha kwacha mia moja na kumi na sita, mia ni ya duka, kumi na sita ni ya serikali. Kwa hiyo bei yote unaigawa kwa mia moja na kumi na sita, unazidisha kwa kumi na sita, unapata takse. Akabonyeza mashine, karatasi ikatoka, akaniwekea kidole: mia moja makumi saba na sita, ngwee makumi tano na tano. Ndani! Ndani ya ileile elfu moja mia mbili na makumi nane!

Nilipiga kelele. Nilimukumbatia juu ya meza, mizani ikaanguka. Watu wa mustari wakapiga makofi, na baba mumoja akanisaidia kufunga godoro kamba. Zile makumi saba nikalipia fasi ya godoro juu ya gari, na njiani nilikuwa nacheka peke yangu.

Nyumbani mama alilipapasa godoro kwa mikono miwili. Nikamuelezea yote, mbio mbio, mia ya duka, kumi na sita ya serikali, vile takse ilikuwa ndani tangu mwanzo. Halafu maneno yangu yakanigeukia mudomoni. Tangu mwanzo. Tangu mwezi wa tano.

"Ndiyo mwezi nilianza kuamka nikishika ukuta," mama akasema. Alisema tu, bila kasirani.

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa ameshakaa kwenye godoro, ananyoosha muguu mumoja, halafu wa pili.

"Ningekuambia, ungeruka ile takse, uniletee haraka," akajibu. "Wakukamate, miye nibaki na godoro. Nikaona afazali ukuta."