Mkono Mmoja Ulikuwa Mtupu

Mmenisumbua, wenzangu wa kanisani, tangu Jumapili ile niandike habari za Kabibi, kana kwamba nyinyi hamna macho. Mkono wangu mimi ni wa jembe, kalamu inaniteleza. Haya, naandika mara moja tu, na asije mtu kuniambia nimekosea, maana nilikuwapo.

Kabibi ni mjane, anakaa mjini, yaani bomani, kwa mkwewe, mzee Mwaro, hapa kijijini Idsowe. Wote mle wanafuata mambo ya wazee, wa kanisa ni yeye peke yake. Walimwita "mama pasta" kwa kumcheka, naye akaitika. Mbele ya nyumba ya mzee palisimama vigingi viwili vimefungwa vitambaa, kimoja cha baba yake, kimoja cha babu yake. Ndizo koma zake, roho za wazee wake waliokufa. Kila mavuno vilikuwa vikimwagiwa pombe ya mnazi. Siku hiyo Kabibi huwapikia wageni wali mpaka washibe, lakini kata ya pombe haigusi.

Mafuriko yalipokuja, maji yaliingia alfajiri. Shemeji yake, Karisa, alikuwa ameshatangulia barabarani na mbuzi. Mzee hawezi kutembea. Kabibi akamfunga mgongoni kwa leso kama mtoto, akaingia majini, maji kifuani. Mzee akamgonga bega.

"Mwanangu, wazee wangu hao. Wang'oe twende nao."

Kabibi akavitazama vile vigingi, akapita. Mto ukavichukua.

Kule kambini kando ya lami kila mtu alimsifu. Ndipo Karisa akamwuliza mbele ya ukoo, "Shemeji, ulishindwa au ulikataa?"

Angesema mikono ilijaa, mambo yangeisha palepale. Hata mimi niliyekaa kando yake nilimkanyaga mguu aseme hivyo. Akauondoa mguu wake, akasema, "Mkono mmoja ulimshika mzee. Mwingine ulikuwa mtupu. Nilikataa."

Maji yalipopungua tukarudi, na mbuzi wa Karisa wakaanza kufa. Mganga akasema wazee wana kiu. Vikachongwa vigingi vipya. Sasa, katika mji ule vigingi vikiwa vipya, mke wa mwana wa kwanza, yaani Kabibi, ndiye hushika kata ya kwanza. Asipoishika, hapamwagwi kitu.

"Ni kata tu, shemeji," Karisa alimwambia. "Kumwaga nako ni dhambi?"

"Kama ni kata tu, mwaga wewe."

"Basi kwenye mpunga wako hatakanyaga mtu. Mwambie Yesu aje apalilie."

"Atakuja. Amezoea kuvumilia watu kama wewe."

Karisa hakumtisha. Aliyemvunja moyo ni mzee mwenyewe. Alimwita kitandani, akamshika kiganja.

"Ulinibeba, mwanangu. Nibebe tena. Nikifa bila wao, nitapokelewa na nani?"

Kabibi alilia mpaka leso ikalowa. "Baba, nitakupikia, nitakuosha, ukitaka nitakubeba mpaka Garsen kwa miguu. Hilo siwezi."

Mzee akaugeukia ukuta.

Huku kwetu watu hulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Zamu ya Kabibi imefika mara mbili, na mara mbili amesimama shambani peke yake. Magugu yameupita mpunga kimo. Karisa ameshasema shamba likishindwa kupaliliwa limeachwa, naye atalichukua. Na kila asubuhi Kabibi humpelekea mzee uji. Siku nyingine mzee hunywa. Siku nyingine huuacha upoe, na Kabibi huuchukua, akaenda kupalilia mpaka kiuno kikatae kunyooka. Nimemsikia akiomba katikati ya matuta. Haombi Karisa aadhibiwe. Anaomba mzee amgeukie.

Mimi magoti yangu yamekwisha, siku hizi namsaidia kupalilia nimekaa chini. Wanawake wawili hatutalimaliza shamba lile. Nyinyi mliotaka habari hii, na kanisani mnaimba mpaka mabati yanatikisika, habari mmeipata. Jumamosi, kabla jua halijawa kali, nataka kuwaona shambani kwa Kabibi. Na kila mtu aje na jembe lake, mimi siazimi langu.