Pete Iliyoangukia Kwenye Ufa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopitisha mashine ya kutafutia dhahabu juu ya pete ya mke wangu mara sita na nisiisikie. Wewe umenunua mashine yako juzi, unaifuta vumbi kila jioni kama mtu mwenye pikipiki mpya, na unaniuliza dhahabu inaliaje. Nitakueleza. Ila ukae kwanza, maana mlio wa pete siwezi kuueleza bila kumtaja Minza.

Nilikuwa kijana wa machimbo ya Geita, na nyumbani kwetu ni Kishapu, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kipande changu cha kwanza cha dhahabu kilikuwa kama punje ya mahindi. Wenzangu waliuza vyao siku ile ile. Mimi nilikipeleka kwa sonara, akanifulia pete nyembamba, nikamvisha Minza siku ya harusi. Mkono wake ulikuwa na jasho na pete ikaingia bila kusukumwa. Hadi leo nikifumba macho nauhisi ule mkono.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu Minza aliugua homa, akapungua sana, hata vidole. Alipopata nafuu kidogo aliingia shambani kung'oa mashina ya pamba, maana baada ya mavuno mashina lazima yang'olewe na kuchomwa ili wadudu wasibaki. Unaijua kazi hiyo. Unashika shina kwa mikono miwili, unakaza kiuno, unavuta. Alivuta siku nzima, na jioni kidole kilikuwa kitupu.

Alinipigia simu Geita. Nikaja na mashine yangu begani, na moyoni nilikuja kwa maringo. Mimi ni mtu wa dhahabu, nani anishinde kutafuta dhahabu kwenye shamba langu mwenyewe?

"Ilinitoka kwenye mstari huu," Minza aliniambia, amesimama pale na kanga imefungwa kifuani. "Nilipoanza mstari huu nilikuwa nayo. Nilipomaliza sikuwa nayo."

Kaka yangu Masunga alikuwa amekaa kwenye rundo la mashina, anatafuna muwa. "Shemeji, labda imeliwa na mbuzi," alisema. Minza alicheka. Kisha Masunga akatema maganda na kuongeza, "Ingawa mbuzi hawali dhahabu. Wanaokula dhahabu ni watu."

Sikumkemea. Kumbuka hilo, mwanangu. Nilivaa spika zangu masikioni nikajifanya sijasikia.

Sasa sikiliza upande wa mashine. Shamba la pamba ni chafu kuliko unavyolidhania. Kila chupa ya dawa ya wadudu imefunikwa mdomoni kwa karatasi ya alumini, na mkulima huichana na kuitupa hapo hapo. Miaka na miaka ya dawa. Mashine yangu ililia kila hatua, nikachimba karatasi, nikachimba karatasi nyingine, jua likanichoma kisogoni. Basi nikakizungusha kile kitufe cha kuchuja milio ya takataka. Kwenye machimbo tulikizungusha kidogo tu, misumari ikanyamaza. Mimi siku ile nilikizungusha mpaka karatasi nazo zikanyamaza. Shamba likawa kimya, na nilifurahia ule ukimya. Nikaupita mstari wa Minza mara sita, nikavua spika, nikasema mbele ya watu wote, "Pete haipo hapa."

Minza alinitazama. "Ipo."

"Mashine imesema haipo."

"Na mimi nimesema ipo."

Mama yangu, ambaye sisi tunamwita mayu, alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Alisema polepole, bila hasira, "Mashine haina shangazi wala mjomba. Haimpendelei mtu." Akaendelea kupepeta.

Jioni ile hakuna aliyetamka kwamba Minza ameiuza pete. Ilitosha kwamba chakula kililiwa bila maongezi. Minza alisubiri mimi niseme kitu, najua alisubiri, kwa sababu aliosha sufuria moja mara tatu. Sikusema. Siku ya tatu alifunga nguo zake kwenye beseni akaenda kwa kaka yake, kijijini Songwa. Alipofika njiani aligeuka mara moja. Nilikuwa nakaza skrubu za mashine.

Nilirudi Geita. Pale machimboni alikuwepo Mzee Hamisi, mtu wa Kigoma, aliyekuwa akipima ardhi kwa mashine kabla yetu sote. Alipoamkiwa alijibu "marahaba" kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kufunika sauti nyingine. Nilimsimulia habari zangu nikitaka anionee huruma. Akamwita mama aliyekuwa akitupikia chakula.

"Mama Zawadi, niazime pete yako."

"Ikipotea, mzee, utanioa wewe."

"Haitapotea. Nakula kwako kila siku, nitakukimbia niende wapi?"

Akafukia pete ya Mama Zawadi kwenye udongo, huku mimi naangalia. Hatua moja kando akafukia karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara. Akaniambia niwashe mashine, kitufe kikae vile vile kilivyokuwa siku ile Kishapu. Nikapitisha sahani ya mashine juu ya pete niliyoiona ikifukiwa kwa macho yangu.

Kimya.

Nikapitisha tena. Kimya, mwanangu, na dhahabu iko pale chini, kina cha vidole vinne. Akilini nilimwona Minza amesimama kwenye mstari wake wa pamba.

"Pete nyembamba inalia kama takataka," Mzee Hamisi alisema. "Hailii kama kipande kikubwa, wala hailii kama fedha. Iko katikati, pamoja na vizibo na karatasi. Ukiwanyamazisha hao, umeinyamazisha na yenyewe. Mashine yako haikusema haipo. Wewe uliiziba mdomo."

Akakirudisha kitufe nyuma. Mashine ikalia sehemu zote mbili. "Ipi ni pete?" aliniuliza. Sikujua. Akanifundisha kupita kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha kuzunguka na kupita kutoka kaskazini kwenda kusini, taratibu, sahani karibu na ardhi. Karatasi iliyokunjika inabadilisha sauti ukibadilisha upande. Huku nene, kule nyembamba, na mwisho wake unatetemeka. Pete ni duara zima, haina pembe. Kokote utokako inakujibu vile vile, sauti fupi, laini, inaanza na kukatika safi. "Na hata hivyo unaweza kukosea," alisema. "Kwa hiyo ukiwa na shaka, chimba. Sasa nenda nyumbani kabla ya mvua."

Nilichelewa siku mbili kupata gari. Nilipofika, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na nyufa za mbuga zilikuwa zimeanza kujifunga. Masunga alikuwa ameingiza ng'ombe na plau, nusu ya shamba imegeuzwa. Nilisimama mbele ya ng'ombe.

"Unatuchelewesha kwa ajili ya kitu ambacho hakipo," alisema.

"Kama hakipo, nitapanda mimi peke yangu shamba lote."

Nilichimba siku nne. Kila mlio. Karatasi, vizibo, vichwa vya betri, kipande cha jembe la marehemu baba. Vidole vilichubuka. Siku ya nne, kwenye mstari ule ule ambao Minza alinionyesha, mashine ililia sauti fupi, laini. Nikazunguka. Ikanijibu vile vile. Nikapiga magoti na kuchimba kwa mikono. Pete ilikuwa imeangukia kwenye ufa wa kiangazi, na mvua ilikuwa imeufunga juu yake. Udongo mweusi uliijaza ndani kama kidole.

Mayu aliipokea kiganjani, akaitazama muda mrefu. "Mpelekee," alisema, akaingia ndani. Nilimsikia akilia.

Songwa nilimkuta Minza anachota maji. Aliiosha pete kwenye ndoo, polepole, akaivaa mwenyewe.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye mstari uliosema."

"Basi nilisema kweli."

"Ulisema kweli. Nisamehe, Minza. Twende nyumbani."

Alifikiri. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini uliamini baada ya kuchimba. Nilitaka mtu wa kuniamini kabla." Akanipa maji ya kunywa kwa kata, akanisindikiza hadi barabarani.

Hakurudi. Siku hizi anauza choroko sokoni Ngokolo, na mimi kila nikienda mjini Shinyanga napitia pale. Nyumbani kwangu kuna choroko za kupanda ekari nzima. Tunasalimiana, ananiuliza habari za mayu, ambaye siku hizi haoni vizuri. Mkono wake umenenepa na pete haitoki tena. Anapopima choroko inagonga ukingo wa kopo, sauti fupi, laini, inayokatika safi. Huwa naomba kopo la pili ili niisikie tena.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Usizungushe kile kitufe kwa sababu umechoka kuinama. Pita pande mbili kabla ya kusema. Chimba unachokitilia shaka, hata kikiwa karatasi mara mia. Na mtu wa nyumbani kwako akikuambia kitu kipo, weka mashine chini kwanza, umtazame, umwambie unamwamini, ndipo uanze kutafuta. Akidhihakiwa mbele yako, vua spika masikioni.

Mungu akupe masikio mapole na magoti yasiyochoka kupigwa chini. Akupe nyumba yenye maongezi wakati wa chakula. Na aliye wako asigeuke njiani akakukuta umeinamia skrubu.