Gari la Mdogo Wangu Kwenye Mlima wa Kikima

Mdogo wangu hakumaliza hata mwaka wa kwanza chuoni. Mimi nilimaliza uhandisi, na nilikuwa nyumbani Kikima nikituma maombi ya kazi, alipofika kutoka Kambu, alikokuwa fundi wa magari, na gari la bluu alilolifungia turbo kubwa kwa mikono yake. Lilinguruma hadi kuku wakakimbilia jikoni. Mama, ambaye kwenye mahafali yangu alilalamika tu kwamba viatu vinambana, alilipangusa vumbi kwa leso yake.

Jumapili tulilipeleka kanisani likaombewe. Mama alikaa mbele, mimi na shangazi nyuma. Mlimani, mdogo wangu alipokanyaga mafuta, kitu kilifoka chini ya boneti, moshi mweusi ukatoka na nguvu zikaisha. Tuligeuza tukarudi polepole, soko zima likitutazama. Nilifurahi sana, mpaka shangazi alipofungua mdomo.

"Hii gari iko na macho ya mtu. Mtu wa karibu."

Hakuna aliyekuwa karibu kuliko mimi. Magoti yetu yaligusana.

Siamini kwamba jicho la mtu linaweza kuharibu injini. Niliwahi kumuuliza shangazi mbona magari ya wabunge hayazimiki, maana yanatazamwa na kaunti nzima. Lakini mama aligeuka akanitazama, na nilitaka aache kufikiria alichokuwa akifikiria.

Nyumbani, mdogo wangu alianza kufungua plagi.

"Achana na plagi," nikamwambia. "Ikinguruma polepole iko sawa. Inakufa turbo ikianza kusukuma hewa ndani ya injini. Kuna mahali hewa inatoroka."

"Haya, injinia. Tuonyeshe."

Tuliziba mdomo wa turbo kwa chupa ya soda tuliyoitia valvu ya gurudumu, yeye akajaza hewa kwa pampu, mimi nikamwagia mabomba maji ya sabuni. Chini ya bomba kubwa la mpira, mapovu yalichemka. Nilimwita mama.

"Mwaitu, ona. Klipu imelegea, hewa inapitia hapa. Hakuna macho ya mtu."

Mama aliinama, akatazama. Shangazi akachungulia juu ya bega lake.

"Sawa, imelegea. Na ni nani ameilegeza?"

Mama alitazama mapovu, kisha bisibisi niliyokuwa nimeishika tayari kuikaza klipu.

"Si ni mimi," mdogo wangu akasema, akicheka. "Nilikuwa na haraka nije nimwonyeshe mama, nikasahau kukaza. Mimi ni fundi bure kabisa."

Mama alicheka mpaka akashikilia boneti. "Wewe na haraka zako!" alisema, akampangusa oili shavuni kwa leso ileile.

Kosa lilikuwa lake, na bado lilimpendeza mama. Niliinama tena, nikaikaza klipu kupita kiasi, wao wakiwa wameshaingia ndani ya gari wakinisubiri nifunge boneti tuupande mlima tena.