Aliyekuwa Akifungua Dirisha la Vifaranga

Kifaranga alifufuka mkononi mwangu.

Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma. Mimi si mlevi, na siku hiyo sikuwa na wazimu. Nilikuwa na njaa tu.

Mke wangu alinipa nikamtupe. Miguu imenyooka, shingo imelegea kama uzi. Nikatoka naye hadi jalalani. Ile nainua mkono nimrushe, akapepesa jicho. Halafu akalia, "Piii!"

Nikamrudisha ndani.

"Huyo si alikufa?" mke wangu akauliza.

"Alikufa."

"Sasa?"

"Sasa ameghairi."

Hakucheka. Siku zile nyumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Mke wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na vifaranga ndio tumaini alilobaki nalo. Mimi ni fundi makochi. Shule niliiacha mapema, na siku hizi watu wanakalia viti vya plastiki. Kwa hiyo wale kuku ilikuwa lazima wapone. Hakukuwa na mpango mwingine.

Stoo yangu ya sponji niliigawa kwa plaiwudi. Upande mmoja vifaranga, upande wa pili kitanda cha mama mkwe, aliyekuja kukaa kwetu baada ya goti kumsumbua. Plaiwudi yenyewe haikufika juu, na dirisha lilikuwa moja tu, upande wa vifaranga. Mama akasema hapo pazuri, atawalea wajukuu zake wenye manyoya.

Baridi ikaingia. Umeme ukawa wa kubahatisha, taa ya kuwapa joto ikabaki pambo. Mke wangu akaleta chungu, akakijaza mkaa wa moto, akafunika na majivu. Vifaranga wakakizunguka kama abiria wanaogombea tiketi. Nje ya dirisha, upande wa uchochoroni, akaning'iniza turubai ili upepo usipenye.

Ndipo wakaanza kuanguka. Hawaharishi, hawakohoi. Wanalala tu. Ukiwatoa nje, wengine wanaamka.

"Huu ni mkono wa mtu," mke wangu akasema.

Na mtu mwenyewe akapatikana. Kila mara tulikuta turubai limekunjwa pembeni. Asubuhi moja mke wangu akajibanza uchochoroni, akamnasa Bi Mapazia, jirani yetu mshona mapazia, mkono uko kwenye turubai.

"Nimekukamata!"

"Umenikamata na nini? Kuku au yai?"

"Unatafuta nini dirishani kwangu?"

"Hewa. Humo kama tanuri. Watu watakufa humo."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia? Ametamka kwa kinywa chake!"

"Mke wangu, huyu ni jirani..."

"Jirani gani anaombea watu kifo? Una kijicho, mama! Tangu kuku waingie hapa roho inakuuma!"

"Kijicho cha vifaranga?" Bi Mapazia akashika kiuno. "Mimi nashonea watu wa majumba yenye ghorofa, nije kuhusudu boksi lenu?"

Maneno yaliyofuata siyaandiki. Kuna watoto wanasoma.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameshika ukuta. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nilimwona, nikadhani ni aibu ya ugomvi.

Mke wangu akachukua nyundo yangu, na misumari mirefu ya fremu, akapigilia ubao juu ya dirisha. Nikamwambia aache. Akaniambia nikashone makochi.

Nikaenda kushona makochi.

Mchana wake niko kibarazani navuta kitambaa, mke wangu ameenda sokoni kununua chakula cha kuku. Bi Mapazia akaja mbio, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Fundi! Mama haitiki!"

"Mama gani?"

"Mama yenu! Namgongea dirishani, haitiki! Matusi yenu tutaelewana baadaye, inuka!"

Chini ya mlango wa stoo mke wangu alikuwa amesokomeza matambara. Nikausukuma kwa bega. Mama alikuwa sakafuni katikati ya vifaranga, kopo la maji limemwagika pembeni yake. Nikamshika makwapani, Bi Mapazia akashika miguu, tukamlaza uani.

Mke wangu akatokea getini. Kiroba kikamponyoka begani.

"Ameshamuua! Ameniulia mama yangu!"

Bi Mapazia alikuwa anampepea mama kwa kipande cha pazia la mteja.

Mama akapepesa jicho.

Nikamkumbuka yule kifaranga. Nje kila kitu kinaamka, ndani kila kitu kinalala.

"Mke wangu," nikasema, "si jirani. Ni kile chumba."

Hospitalini, daktari alituuliza swali moja.

"Kuna mkaa unawaka ndani?"

"Wa vifaranga tu," mke wangu akasema.

"Mkaa huohuo. Ukishakolea huoni moshi, lakini hewa yake ni sumu. Chumba kikifungwa, inakulaza taratibu. Mngechelewa kidogo, mama huyu msingekuwa naye."

Mke wangu akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Kwa hiyo yule mwanamke alipokuwa anafungua..."

"Mimi ndiye niliyemwomba."

Tukageuka. Mama alikuwa macho.

"Ulimwomba nini, mama?"

"Afungue. Kichwa kilikuwa kinanipasuka mwanangu. Lakini nikaona umeweka roho yako yote kwa hawa kuku. Nikalalamike, nionekane nimekuja kukuharibia? Nikamwomba jirani anifungulie ukiwa hupo. Nikamwapisha asiseme."

Na hakusema. Alitukanwa uchochoroni mpaka vyerehani vya mtaa mzima vikasimama, na siri ya mama hakuitoa.

"Sasa asubuhi ile, mama, mbona ulinyamaza?" mke wangu akauliza.

"Niseme mbele ya watu kwamba nyumba ya mwanangu inaniua?"

Alipotoka hospitali hakurudi kwetu. Alikwenda kwa mtoto wake wa kiume. Hajarudi kuwa yule wa zamani. Nikimtembelea, mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu mumewe, kisha anajishtukia, anajifunika uso kwa khanga.

Mke wangu alikwenda kumpigia magoti Bi Mapazia. Mwenzake hakusimamisha cherehani.

"Nimesikia," akasema. "Nenda nyumbani."

Mpaka leo wanasalimiana. Basi.

Wewe unayeishi na mzazi wako, nakuomba kitu kimoja. Anaposema "sina shida, mwanangu," usiridhike ukaondoka. Yuko chini ya paa lako, anakula chakula chako, anaogopa kukuongezea mzigo. Kaa naye, muulize tena.

Sisi hatukuuliza hata mara ya kwanza.