Mgonjwa wa Ngeli ya A-WA

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nilimdanganya jirani yangu wiki tatu nzima karibu bila kutamka neno la uongo. Sarufi ilinitosha.

Nilihamishiwa Ndagoni, kijiji cha kisiwani, kutoka bara, nikafika bila mume na nikiwa na mbwa. Kijiji hakikujua kinihurumie kwa lipi kwanza. Mbwa mwenyewe alikuwa mzee, mdogo wa umbo, mwenye maringo ya afisa mstaafu. Alikula chakula cha mfuko tu, zile punje kavu ninazoagiza Dar zije na boti. Siku moja akazinusa, akanitazama kama niliyemtukana, akaenda kulala. Siku ya tatu nikampigia simu daktari wa mifugo.

"Mgonjwa wako kachoka na vitu vikavu," akasema. Nisimwachishe punje ghafla, bali juu ya punje hizo nimwekee chakula kidogo kilichopikwa siku hiyo hiyo: samaki wa kuchemsha, boga, yai. Chumvi nisitie, kitunguu nisithubutu, na miba niitoe yote.

Sasa nenda pwani ukawaambie watu wanaouza changu, samaki wa bei, ili wao wale vibua kwamba wewe unataka changu wa mbwa. Mimi sikwenda. Nilikwenda kwa jirani yangu, mama mtu mzima anayelima mwani, ambaye siku zote alinichagulia samaki kwa sababu wavuvi walikuwa wakiniuzia wale waliokwisha kulegea. Alikuwa mtu pekee kisiwani aliyeniita mwanangu.

"Shikamoo mama. Leo nataka samaki wa kuchemsha tu na boga kidogo, bila chumvi wala kitunguu."

"Marahaba. Hee, mwanangu, samaki bila chumvi? Kuna mgonjwa?"

"Yupo," nikasema.

"Masikini. Anakula?"

"Siku ya tatu leo, hali kitu."

Kwa waliosinzia darasani: mtu anakula na mbwa anakula. Kiambishi ni kile kile. Ningeweza kuongeza neno moja tu, mbwa, na mambo yakaisha pale pale. Sikuliongeza.

Jioni likaja bakuli la bluu, kapika mama mwenyewe. Mnofu ulikuwa umechambuliwa kwa vidole, hakuna mwiba hata mmoja, na boga limepondwa laini. Nikamwagia juu ya punje. Afisa mstaafu akala vyote, akalamba sahani mpaka ikagonga ukuta.

Tangu hapo bakuli likawa linakuja kila siku. "Mgonjwa kaamkaje?" "Kaamka vizuri mama, jana kamaliza chote." "Alhamdulillahi." Yaliyobaki kijiji kilijijazia chenyewe: kwamba ni mama yangu mzazi, kaletwa kutoka bara, ana haya ya kuonekana na watu. Sikukanusha. Madafu yakaja, mayai ya kienyeji yakaja, wanawake wakamsomea dua. Mbwa akanenepa, manyoya yakang'aa. Niliona haya, naapa, lakini haya haikunizuia kupokea mayai. Nilijua nikisema kweli nitampoteza yule mama, na nikiendelea kunyamaza nitampoteza vibaya zaidi. Nikachagua kunyamaza, maana samaki alikuwa mtamu hata kwangu nikiongeza chumvi.

Nilisahau jambo moja ambalo hata mtoto wa pwani analijua: mgonjwa hutazamwa.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa nimechoka kuosha vyombo viwili. Bakuli ambalo wiki zote tatu sikuwahi kulishusha chini, siku hiyo nikamwekea mbwa lenyewe. Nikasikia hodi, na kabla sijaitikia, jirani yangu alikuwa uani na wenzake wawili, wamevaa khanga zao nzuri. Mbwa alikuwa amezamisha kichwa ndani ya bakuli la bluu mpaka masikioni.

Mmoja akasema astaghfirullahi. Mwingine akacheka mpaka akakaa chini. Jirani yangu hakufanya lolote kati ya hayo.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ndiye, mama."

"Basi kapona," akasema. "Na bakuli hilo ni lake sasa, mwalimu."

Mwalimu. Lile neno liliniuma kuliko matusi.

Kwa miezi kadhaa nikawa nampa shikamoo, ananipa marahaba, basi. Kule sokoni walikuwa wakiniuliza, "Mama hajambo?" na kundi zima linaangua kicheko. Nilistahili. Nikarudi kununua samaki waliolegea, nikawachambua miba mwenyewe, nikijichoma vidole na kujitukana kwa Kiswahili sanifu.

Masika yalipoingia homa ikanishika. Siku ya pili kitandani nikasikia hodi. Alikuwa yeye, mlangoni, na bakuli jipya la kijani limefunikwa kwa kawa.

"Nasikia kuna mgonjwa."

"Yupo, mama."

"Ana miguu mingapi?"

"Miwili," nikasema, na machozi yakanitoka.

Akaniwekea bakuli mapajani. Samaki wa kuchemsha, miba yote imetolewa, na boga limepondwa laini. Chumvi hakutia hata chembe, na nilijua hakusahau. Nikaanza kula bila kuinua macho, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda ananitazama. Nilipofika nusu, akamgeukia mbwa aliyekuwa amelala kizingitini.

"Anakula," akamwambia.