Kibodi za Katoni

Sikusomea kompyuta shuleni. Nilijifunza peke yangu kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichonunua sokoni, nikifanya zoezi moja kila jioni na kuandika daftarini kila kosa. Ndiyo maana prefe, mkuu wa shule yetu hapa Bunia, aliponipa darasa la mwaka wa sita nilifundishe kompyuta bila kunipa mashini hata moja, sikukataa. Nilichora kibodi kama ilivyo kitabuni, nikainakili juu ya vipande vya katoni za sabuni, kimoja kwa kila mwanafunzi. Walipoizoea niliwaagiza wafunike mikono kwa sweta na kupiga herufi nilizozitaja bila kuangalia. Walitaniana kwamba tunaficha vidole kama wezi wa karanga. Lakini walijifunza.

Siku mbili kabla ya mtihani wa vitendo wa diploma nilikwenda kuona chumba cha mtihani, katika shule nyingine. Mashini zilikuwa zimetoka Kampala, zenye vitufe vya mpangilio wa Kiingereza. Nikainama juu ya ile ya kwanza: pale nilipowafundisha A paliandikwa Q, na M ilikuwa imeshuka safu ya chini. Niliomba tuwashe moja. Mlinzi akajibu kwamba jenereta itawashwa siku ya mtihani tu. Mimi nisiyeamini kitu kabla ya kukijaribu, safari hii niliamini vitufe.

Kesho yake nilileta katoni mpya zenye mpangilio wa Kampala. Niliwaambia waache mazoea ya vidole, waangalie herufi moja moja. Msichana mmoja aliyekimbia vita Aveba, ambaye nje ya katoni zangu hakuwa amegusa kompyuta maishani, aliinua mkono.

"Mwalimu, sasa tuangalie ao tusiangalie?"

"Muangalie," nikasema.

Nilijua hali yake. Shangazi aliyemlea alikuwa amemwambia kwamba akikosa diploma mwaka huu, hakuna mwaka mwingine, atarudi kulima. Usiku ule nililala vibaya, ingawa nilidhani nimerekebisha kosa langu.

Siku ya mtihani sisi walimu tulisimama nje, tumekatazwa kusema nao. Msichana alikaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, na niliona kioo cha mashini yake vizuri. Walitakiwa kuandika barua. Alianza na jina la mji, akitafuta kila herufi kwa kidole kimoja kama nilivyomwagiza. Ikatoka Buniq. Alifuta, akabonyeza A tena, taratibu. Buniq.

Hapo nikaelewa. Aliyezitayarisha mashini alizipanga ndani zifuate kibodi ya Kifaransa, maana barua zetu ni za Kifaransa. Zilifuata kitabu changu. Maandishi ya juu ya vitufe ndiyo yaliyodanganya. Nilichowafundisha mwaka mzima kilikuwa sahihi, na nilikiharibu kwa siku moja.

Aligeuka akanitazama. Hata kutikisa kichwa kungeweza kumfukuzisha. Aliangalia vidole vyake, kisha akavua sweta na kuitandaza juu ya mikono.

Msimamizi aliiona. Alikuja haraka.

"Weye, unaficha nini?"

"Hakuna kitu, Muzee. Siye tunaandikaka vile."

Aliinua sweta, akapekua mikono yake, akapekua meza, akainama hadi chini ya kiti. Dakika zilikuwa zinakwenda. Mwishowe aliirudisha sweta mahali pake, akabaki amesimama nyuma ya msichana. Vidole vilianza kutembea chini ya sufu. Bunia ikatoka, na tarehe, na mstari wa kwanza, bila kosa.

Mvulana wa meza ya pembeni alimwona, akavua sweta yake. Kisha mwingine. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu sweta tatu juu ya kibodi, halafu nne. Wengine walikuwa wamekaa mbele, migongo kwetu, wakitafuta herufi kwa macho, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka.