Ng'ombe Aliyegeuka Magunia Matano

Ti. Ti. Ti. Alfajiri, taa bado haijawashwa, punje za maharage zinadondoka moja moja kwenye sinia ya bati.

Rhobi Mniko ameinama, sikio karibu na sinia. "Harage lenye unyevu linasema 'bu', kama mvivu anavyojitupa kitandani," ananong'ona huku akijizuia kucheka, watoto wasiamke. "Lililokauka linasema 'ti'. Haya bado yanaweza kungoja."

Yangoje, maana si maharage tu. Magunia haya matano yaliyojaza sebule yake, mtaa wa Nyamisangura mjini Tarime, mwezi Juni yalikuwa ng'ombe wa maziwa.

Rhobi ana miaka 31 na anauza nafaka sokoni. Siku njema humwachia shilingi elfu nane, siku mbaya, anasema, "narudi na uchovu wangu." Juni aliona maharage yakishuka kutoka vijijini kwa wingi mpaka wauzaji wanaita wateja kwa majina. Akamuuza ng'ombe kwa laki tisa, akanunua magunia kwa laki moja na sabini kila moja. Kilichobaki kikaishia kwenye usafiri.

"Juni ng'ombe amenona, nyasi zipo," anaeleza. "Kiangazi kikikolea anakonda, na bei yake inakonda naye. Maharage hayakondi."

Mama mkwe wake, Mokami, hakutaka kusikia. Katika ukoo wao mtu huuza mazao apate ng'ombe. "Huyu kaanzia mkiani," alimwambia mwanawe Nchagwa, fundi pikipiki. "Jirani akiuliza ng'ombe yuko wapi, nimwonyeshe sufuria?"

Nchagwa alikubali kwa sharti moja: ng'ombe arudi zizini kabla ya mvua za vuli. "Nikamwambia, asiporudi, utamweleza mama wewe mwenyewe. Mimi siku hiyo nitakuwa na pikipiki ya kutengeneza Issenye," anasema, na Issenye ni mbali kweli.

Tangu hapo nyumba inakunywa chai ya rangi. Gati, binti yao wa miaka mitano, halalamiki. Kila asubuhi huchungulia kikombe, kisha humtazama mama yake. Hicho ndicho kinachomchoma Rhobi kuliko maneno ya mama mkwe.

Na ana sababu ya kuogopa. Mwaka jana aliona malori yamepanga foleni ndefu Sirari, mpakani, akadhani Wakenya wana njaa ya mahindi. Akanunua kwa bei ya juu. Kumbe malori yale yalikuwa yamejaa. Wa ng'ambo walikuwa wameacha kununua, madereva wamekwama na mzigo. Familia ilikula mahindi yale miezi mitano. Mokami aliyaita ugali wa biashara.

"Nilitazama urefu wa foleni," anasema Rhobi. "Sikutazama matairi."

Leo anatazama matairi. Kumekucha, amepanda bodaboda mpaka Sirari, na anapita kando ya malori kama mtu anayetafuta ndugu. Lori lenye mzigo hukalia matairi yake. Haya yamesimama wima, matupu.

"Mnangoja nini, kaka?"

"Beans, sister!" anajibu dereva akitafuna chapati. "Kwetu imepanda vibaya. Uko nazo?"

"Mimi? Nimekuja kusalimia tu," anasema Rhobi, na anarudi kwenye bodaboda.

Mchana mnunuzi aitwaye Owuor, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, anakuta sebule imeshafagiliwa. Anatia mkono guniani, anatafuna punje moja, anakunja uso.

"Mama Gati, laki mbili na kumi. Hapo nimekuhurumia."

"Nihurumie tena kidogo. Nimetoka Sirari sasa hivi."

Owuor anaacha kutafuna. "Umefuata nini huko?"

"Matairi, shemeji."

Wanavutana mpaka chai ya rangi inapoa. Wanakubaliana laki mbili na arobaini na tano kwa gunia. "Huyu mama asifundishe wengine," Owuor anamwambia Nchagwa wakipakia. "Tutakula nini sisi?"

Mnadani, wiki inayofuata, Rhobi anamwachia Mokami achague. Bibi anazunguka, anashika mbavu, anapima kiwele kwa macho, anawatukana wauzaji watatu. Hatimaye ananyoosha fimbo kwa ng'ombe mwekundu, mwembamba wa kiangazi, mwenye ndama: laki tisa na nusu. Mwezi Juni, bibi mwenyewe anakiri, angevuka milioni.

"Mbavu zinahesabika," ananung'unika.

"Nyasi zitazifunika, mama," anajibu Rhobi.

Fedha iliyobaki ni mtaji. Mwakani anataka yeye na wanawake wenzake watatu wapange chumba kimoja kikavu, waweke maharage pamoja, wauze pamoja, na sebule irudi kuwa sebule. Mokami ameshauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama mbuzi wake wawili wanaweza kuwa gunia.

Asubuhi jikoni, bibi anamimina kikombe cha kwanza na kumsogezea mjukuu. Gati anachungulia, kisha anamtazama mama yake.

"Chai imekuwa nyeupe," anasema.